Sita na Tisa: Uhakiki wa Majaribio ya Kumbukumbu ya Maneno Yanayofanywa kwa Intaneti

Katika miaka hii wataalamu wengi wa elimu ya nafsi wameacha kumwita mtu chumbani ili wampime. Wanampelekea kipimo nyumbani kwake kwa njia ya intaneti, naye hukijibu kwa kompyuta au kwa simu ya mkononi, aghalabu bila kuonana na yeyote. Desturi hii ilianza kabla ya mwaka 2020, lakini ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo ikaenea upesi, na vyuo vilipofunguliwa haikurudi nyuma. Miongoni mwa vipimo vinavyosafirishwa hivyo kimo kile cha zamani cha kumpa mtu mfululizo wa tarakimu na kumtaka azirudie kwa utaratibu ule ule. Makala haya yanakihakiki kipimo hicho, hasa kinapotolewa kwa jina la Kiswahili. Hoja yangu ni ya kwamba kipimo kilichotafsiriwa maelezo yake tu hakijawa kipimo cha Kiswahili. Na ya kwamba intaneti, kwa kumwondoa mtu aliyekuwa akisikiliza, imeuficha upungufu huo ambao zamani ungalionekana mara moja.

Kwanza jina la kitu chenyewe. Wenye taaluma hii huko Uingereza na Marekani hukiita kwa maneno mawili ambayo yakigeuzwa moja moja hutupa “kumbukumbu ya kazi”. Asikiaye atadhani ni saa ya ukutani aliyozawadiwa mtu siku ya kustaafu. Mimi nitasema kumbukumbu tendaji, si kwa kuwa jina hili halina dosari, bali kwa kuwa halimpotezi msomaji. Maana yake ni uwezo wa kushika vitu vichache akilini kwa muda wa sekunde chache huku akili ikiendelea kuvifanyia jambo. Karani anayeitaja namba ya simu kimoyomoyo huku akitafuta kalamu anautumia uwezo huo. Mkalimani anayeushika mwanzo wa sentensi ya mwenzake mpaka mwisho wake ufike anautumia zaidi.

Kipimo ni cha zamani kuliko jina. Mwaka 1887 Joseph Jacobs alichapisha huko Uingereza matokeo ya kuwasomea wanafunzi mifululizo ya tarakimu na kuangalia ni ngapi kila mmoja aliweza kuzirudia bila kosa. Aliona ya kwamba kadiri umri ulivyopanda na idadi ilipanda. Mwaka 1905 Binet na Simon waliuingiza urudiaji wa tarakimu katika kipimo chao cha akili za watoto huko Paris, na tangu hapo haujatoka katika vipimo vya namna hiyo. Mwaka 1956 George Miller akaandika makala yake mashuhuri juu ya saba, kuzidi mbili au kupungua mbili. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch wakatoa rai ya kwamba uwezo huu si ghala moja, bali una sehemu yake ya kushika sauti, sehemu yake ya kushika picha, na msimamizi anayezigawia kazi. Rai hiyo imerekebishwa mara kwa mara, lakini sehemu ya sauti ingali imesimama, nayo ndiyo inayotuhusu.

Nimepata kumsikia msomi mmoja akidai ya kwamba mizani nane za mstari wa utenzi ni ushahidi wa saba ya Miller. Dai hili linapendeza masikioni, lakini halina msingi. Miller alihesabu mafungu, hakuhesabu silabi: neno zima linalojulikana ni fungu moja, na kwa mtu aliyehifadhi utenzi, ubeti mzima waweza kuwa fungu moja. Tena Nelson Cowan, mwaka 2001, aliishusha hesabu hiyo ikawa karibu na nne, mtu akizuiwa asijisemee moyoni wala asiunganishe vitu. Mizani za utenzi zina sababu zake katika wimbo, na tuziache huko.

Turudi kwenye sauti. Mwaka 1964 R. Conrad alionyesha ya kwamba watu waliooneshwa herufi kwa macho walizikosea kwa masikio: waliandika herufi yenye jina linalofanana kwa mlio na ile waliyoiona, si yenye umbo linalofanana nayo. Basi walikuwa wamezigeuza kuwa sauti kabla ya kuzihifadhi. Mwaka 1975 Baddeley, pamoja na Thomson na Buchanan, wakasema ya kwamba mtu hushika takriban maneno yale awezayo kuyatamka kwa muda wa sekunde mbili hivi. Kwa hesabu nyepesi, mwenye kutamka tarakimu nne kwa sekunde atashika kama nane, na mwenye kutamka tatu atashika kama sita, na huenda hapana tofauti yoyote ya akili baina yao. Kanuni hiyo imepingwa. Lovatt, Avons na Masterson, mwaka 2000, walitumia maneno ya silabi mbili mbili yaliyotofautiana kwa muda wa kuyatamka peke yake, na hawakuiona tofauti iliyotazamiwa. Lakini hata wanaoipinga hawasemi ya kwamba lugha haina neno katika jambo hili. Wanabishana ni kitu gani cha lugha kinachofanya kazi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Wales. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walitaka kujua kwa nini watoto wanaosema Kiwelshi walipata alama za chini katika sehemu ya tarakimu ya kipimo cha akili, wakilinganishwa na watoto wa Marekani. Waliwapima watu wazima wanaojua lugha zote mbili, na ambao Kiwelshi ndicho walichojiona kuwa hodari zaidi. Hata hivyo walishika tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza. Walipotakiwa kuitamkatamka sauti nyingine wakati wa kupimwa, hata wasiweze kujisemea tarakimu moyoni, tofauti ikatoweka. Watoto wale hawakuwa na upungufu wowote. Wakilinganishwa kwa kipimo kisichojali lugha, walikuwa wakitozwa ushuru wa lugha yao. Mwaka 1986 Naveh-Benjamin na Ayres wakalinganisha Kiingereza, Kihispania, Kiebrania na Kiarabu, wakaona ya kwamba wa Kiingereza walishika zaidi kidogo ya saba kwa wastani, na wa Kiarabu chini ya sita. Kisha mwaka 2002 Murray na Jones wakairudia habari ya Kiwelshi na kuonyesha jambo ambalo mwanaisimu angalilitazamia: tarakimu za Kiwelshi zikitamkwa moja moja hazichelewi, uchelewaji huingia kwenye maungio, pale ulimi unapotoka mwisho wa neno moja kwenda mwanzo wa linalofuata.

Sasa tuzitazame tarakimu zetu wenyewe, kwa kuwa wanaozipeleka kwenye intaneti hawajazitazama. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila moja ina silabi mbili, hata nne, ambayo n yake ya kwanza husimama peke yake na kuhesabiwa mizani. Ni sifuri tu inayozidi, nayo ina tatu. Usawa huu ni neema kwa mpimaji, kwa kuwa katika Kiingereza saba ina silabi mbili na wenzake wa moja hadi tisa wana moja moja, na katika lugha nyingi hali ni mbaya zaidi. Tena kila tarakimu yetu huanza kwa konsonanti na kuishia kwa irabu, hata maungio ni mepesi na ulimi hauna pa kujikwaa. Mtu akiishia hapa atasema ya kwamba Kiswahili kimeumbwa kwa ajili ya kipimo hiki.

Lakini asiishie hapa. Silabi ta imo katika tatu, tano na sita. Silabi sa imo katika saba na tisa. Silabi ne imo katika nne na nane. Katika tarakimu tisa, saba zinashiriki silabi na nyingine. Zilizo peke yake ni moja na mbili tu. Tena tazama sita na tisa: irabu ni zile zile mahali pale pale, na konsonanti ni zile zile mbili zilizobadilishana viti. Sijui jozi nyingine ya tarakimu katika lugha za jirani zetu iliyo karibu namna hii. Tangu Conrad inajulikana ya kwamba vitu vinavyofanana kwa mlio hushikwa kwa shida na huchanganyika mahali pake. Msomaji na ajaribu mwenyewe. Amwombe mtu amsomee, tarakimu moja kwa kila sekunde: moja, mbili, nane, saba, moja, nne. Kisha amsomee: tisa, sita, tatu, tano, sita, tisa. Urefu ni mmoja na idadi ya silabi ni moja, lakini mfululizo wa pili unateleza mkononi kama kambale. Mashine inayochagua tarakimu kwa bahati nasibu haijui habari hiyo. Inampa mtahiniwa mmoja mfululizo wa kwanza na mwenziwe wa pili, kisha inawaandikia alama kana kwamba wamebeba mzigo mmoja.

Tena kosa la kuchanganya sita na tisa laweza kutokea kwa njia mbili ambazo hazina udugu. Mtahiniwa aliyeambiwa “sita, mbili, tisa” akajibu “tisa, mbili, sita” huenda amesahau utaratibu wa tarakimu, na huenda ameushika utaratibu vizuri lakini konsonanti zimebadilishana ndani ya maneno yenyewe. La kwanza ni habari ya kumbukumbu ya mpangilio, la pili ni habari ya sauti. Mpimaji aliyeketi mbele ya mtu mara nyingi huyatambua kwa kigugumizi, kwa kujirekebisha, kwa “tisi… sita” inayomponyoka mtu mdomoni. Kwenye intaneti hufika tarakimu tupu zilizobonyezwa.

Haya hayakuwa hivi siku zote. Sita, saba na tisa ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, nayo yaliwakuta wenyeji. Mahali pa tisa palikuwa na kenda, ambalo wazee wetu wengi wanalifahamu bado. Mahali pa sita palikuwa na tandatu. Na la saba, fungate, limebaki likihesabu siku za maarusi. Katika hesabu ya kale jozi ya sita na tisa haikuwako. Sisemi turudi huko, wala sikubaliani na wanaoona kila neno la mkopo kuwa ni hasara. Nasema tu ya kwamba marubani, kwa ajili ya redio, waliamua kulitamka tisa la Kiingereza kwa namna ya pekee ili lisichanganywe na tano, na hakuna aliyewaona kuwa wapuuzi. Mpimaji anayewapima wazee wa pwani angaliweza kuuliza kama kenda linafaa. Na anayewapima vijana angaliweza, kwa urahisi zaidi, kuiagiza mashine isiiweke sita na tisa katika mfululizo mmoja. Agizo hilo halina gharama. Linataka mtu mmoja tu aliyezisikia tarakimu hizo zikisemwa.

Sina budi kuwatendea haki wanaoutetea upimaji wa mbali. Mwaka 2012 Laura Germine na wenzake waliuliza kama matokeo ya intaneti yanalingana na ya maabara, wakatumia vipimo kadhaa, na urudiaji wa tarakimu mmojawapo, kwa watu wengi waliojitolea bila malipo. Waliona ya kwamba wastani na uthabiti wa matokeo haukuwa duni. Mwaka 2013 Crump, McDonnell na Gureckis waliyarudia majaribio mashuhuri kadhaa kwa watu waliopatikana kwa soko la vibarua la Amazon, na mengi yalitoa sura ile ile ya maabara. Kazi hizi ni za kweli na zimefanywa kwa uangalifu. Zimewafungulia wachunguzi mlango wa kuwafikia watu ambao hawangefika chuoni kamwe. Lakini swali walilolijibu ni hili: je, mtu akipimwa kwa Kiingereza nyumbani hupata kama apatavyo akipimwa kwa Kiingereza chuoni? Halikuwa swali la kama kipimo cha Kiingereza, kikivikwa kanzu ya Kiswahili, bado kinapima kilichokuwa kikipimwa. Wanaozitaja kazi hizo kuwa kibali cha jambo la pili wanatumia hati ya shamba la jirani.

Tatizo kubwa liko kwenye kioo cha simu. Katika majaribio mengi ya intaneti tarakimu haisemwi, huonyeshwa. Mtu anaona 9. Alama hiyo haina lugha. Maelezo ya juu yameandikwa kwa Kiswahili, “Tazama tarakimu zitakazotokea, kisha uziandike,” na kwa sababu ya maelezo hayo matokeo yataingia katika jedwali chini ya jina la Kiswahili. Lakini kumbukumbu tendaji, kama tulivyoona, hushika sauti; na sauti ya 9 ni ile ambayo mtahiniwa mwenyewe ataipa. Kijana wa Nairobi aliyejifunza hesabu kwa Kiingereza tangu utotoni huenda akaisoma kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa sekondari wa Dodoma, aliyeanza hesabu kwa Kiswahili na kuhamishwa katikati ya safari, aweza kuisoma kwa hii au kwa ile, au kuanza na moja na kumalizia na nyingine. Wa Lubumbashi, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya nyumbani na mtaani, ataisoma pengine kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya shule yake. Mzee wa Muscat mwenye asili ya Unguja ana lugha tatu za kuchagua. Hawa wote wameandikwa Waswahili wa kipimo kimoja, na huenda watatu kati yao hawakutamka neno la Kiswahili moyoni tangu mwanzo hata mwisho. Ellis na Hennelly walijua ni lugha ipi iliyokuwa ikipimwa, kwa kuwa waliisikia.

Hata pale maelezo yanapokuwa ndiyo Kiswahili pekee kilichomo, hayawi salama. Nimepata kuletewa jaribio moja kutoka chuo cha mbali, ambacho sina haja ya kukitaja. Sehemu ya pili ya kipimo kama hiki humtaka mtu azitaje tarakimu kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, na sehemu hiyo ndiyo inayomshughulisha msimamizi wa akili zaidi. Maelezo niliyoyakuta yalisema: “Rudia namba kwa nyuma.” Nilikaa nikajiuliza kama nigeuze mgongo. Mwenzangu aliyelipokea jaribio lile lile aliyafahamu kuwa azirudie baadaye, akazirudia kwa utaratibu ule ule wa mwanzo, na mashine ikamwandikia sifuri. Mwalimu wa watoto wadogo angalisema “kinyumenyume, anza na ya mwisho,” akatoa mfano mmoja, akaendelea. Kinachoniudhi si tafsiri mbaya, maana tafsiri mbaya ziko kila mahali. Ni ile sifuri. Chumbani mpimaji angaliona mara moja ya kwamba mtu hakuelewa, akaeleza tena.

Pale ambapo tarakimu zinasemwa kwa sauti iliyorekodiwa, lugha imedhibitiwa, na hiyo ni hatua. Hapo huanza mashaka ya njia. Desturi ni tarakimu moja kwa sekunde. Lakini sauti inayoletwa na mtandao dhaifu hukwama na kuendelea, na kukwama huko si kasoro ya upande mmoja. Pengo likiangukia katikati ya mfululizo huugawa mafungu mawili, na imejulikana kwa muda mrefu ya kwamba mafungu humsaidia msikilizaji. Pengo likiangukia ndani ya neno humharibia. Basi mtandao mbaya waweza kumpandisha mtu au kumshusha, na alama haitasema ni lipi. Kwa simu ya kawaida ya zamani kuna jambo jingine: ilipitisha mitetemo ya sauti kati ya 300 na 3400 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya s iko juu ya hapo. Kati ya tarakimu zetu tisa, tatu zina s. Nazo ni zile zile sita, saba na tisa.

Woods na wenzake, mwaka 2017, walitoa hila nzuri ya kujua kama mtu amevaa vipokea sauti vya masikioni kama alivyoagizwa: humsikilizisha milio mitatu aseme upi ni mdogo, na mmoja umetengenezwa hata hujifuta wenyewe ukitoka kwenye spika za mezani, lakini masikioni haujifuti. Nimeisifu hila hiyo kwa kuwa inamjali msikilizaji. Walakini haizuii yaliyo chumbani. Mwaka 1976 Colle na Welsh (hapa Welsh ni jina la mtu, si la lugha) walionyesha ya kwamba maneno yanayosemwa karibu na mtu anayejaribu kukumbuka humvuruga hata yakiwa ya lugha asiyoifahamu. Nyumba nyingi ambamo simu hizi hufunguliwa zina redio, watoto, wageni, na jirani anayeita dirishani. Mtahiniwa wa namna hiyo akipata tano, huenda mwenziwe aliye katika chumba kimya huko Leeds angalipata tano pia, lau angaliwekewa taarabu ukutani.

Habari ya udanganyifu husemwa sana, nami nitaipita upesi. Ndiyo, mtu aliye peke yake aweza kuandika tarakimu kwenye karatasi. Wengi hawafanyi hivyo, na wachunguzi wenye busara huwauliza mwishoni, bila kutishia malipo yao, kama waliandika. Jambo zito zaidi ni kidole. Kuzibonyeza tarakimu nane kwenye kioo kidogo huchukua muda kuliko kuzisema, na kila sekunde inayopita ni sekunde ambayo za mwisho zinafifia. Asiyezoea kibodi atapungukiwa, na upungufu wake utaandikwa kuwa wa kumbukumbu. Kinyume chake, wakala wa pesa za simu, ambaye kutwa nzima hutajiwa namba na kuziingiza, ana vidole na mafungu tayari: kwake mfululizo unaoanza na sifuri na saba si vitu viwili, ni mwanzo wa namba ya simu. Mwaka 1980 Ericsson, Chase na Faloon walieleza habari za kijana mmoja wa Pittsburgh, mkimbiaji, aliyejizoeza kwa miezi kama ishirini hata akafika tarakimu 79, kwa kuzigeuza kuwa muda wa mbio alizozijua. Alipopewa herufi badala ya tarakimu akarudi kwenye sita hivi. Uwezo wake haukuwa umepanuka. Alikuwa amepata mafungu.

Wako waliokwisha kuzichoka tarakimu, wakageukia maneno yasiyo na maana, ambayo mtu huyasikia na kuyarudia. Kipimo cha Kiingereza kilichotolewa na Gathercole na wenzake mwaka 1994 kina maneno arobaini ya namna hiyo, kuanzia silabi mbili hadi tano. Kukileta kwetu jinsi kilivyo ni kuteleza pale pale. Kwa mtoto wa Kiingereza silabi tano ni kilima. Kwa mtoto wetu, anayesema “walitupelekea” kabla hajaanza shule, ni uwanda. Tena neno lisilo na maana la Kiswahili halikosi maana kabisa. Ukitunga “atamelika”, mtoto husikia kiambishi cha mtu, cha wakati ujao, na mwisho wa kitenzi. Kinachobaki kukumbukwa ni mel tu. Anayetunga orodha kama hiyo sharti ajue sarufi kiasi cha kuweza kuikwepa, na sarufi hiyo ndiyo kazi ya taasisi kama zetu. Sielewi kwa nini hatuitwi. Au pengine naelewa: tafsiri ya maelezo huagizwa siku moja na kurudishwa siku ya pili, ilhali utunzi wa kipimo huchukua miezi.

Kwamba kazi hii yawezekana imekwisha kuonyeshwa. Huko Kilifi wachunguzi wamekuwa wakiwapima watoto kwa miaka mingi, baadhi yao wakiwa wamepona malaria kali, na Alcock na wenzake walieleza mwaka 2008 jinsi walivyovitunga vipimo kwa watoto waliosoma na wasiosoma. Walikaa na watoto, wakajaribu, wakaacha visivyofaa. Mtoto aliyepona malaria akipatikana na kumbukumbu dhaifu, hatua fulani hufuata shuleni na hospitalini. Kadhalika mzee anayeshukiwa kuanza kupotewa na kumbukumbu hupewa kipimo kifupi ambacho ndani yake mna tarakimu tano za kuzirudia na tatu za kuzigeuza. Pungufu ya hapo ni alama inayokatwa, na alama hizo zikijumlishwa hugeuka jina la ugonjwa. Tarakimu hizo tano zikiwa na sita na tisa ndani yake, zikasemwa kwa simu inayokula s, bibi aliyezisikia vibaya ataandikiwa kuwa amezisahau.

Ningependekeza mambo machache. Tarakimu zisemwe, zisionyeshwe. Majibu yasemwe pia, na sauti ya mtahiniwa irekodiwe kwa ridhaa yake, ili lugha aliyoitumia ijulikane na makosa yake yasikike. Kabla ya kupimwa aombwe kuhesabu kwa haraka awezavyo moja hadi tisa mara kadhaa, na muda wake uandikwe kando ya alama zake. Mifululizo itungwe na mtu, si kwa bahati nasibu, na isiwe na silabi zinazorudiana kupita kiasi.

Na mwenye kutaka kipimo cha kugeuza asiende mbali. Vijana wa pwani walikuwa nacho kabla Jacobs hajazaliwa, au angalau kabla hajaandika: Steere alikuta watu wa Unguja wakisema kinyume, akaweka mifano yake katika kitabu chake cha mwaka 1870. Silabi ya mwisho hutolewa ikawekwa mbele, na mazungumzo yakaendelea hivyo hivyo, mzee akisikiliza asielewe. Mtu akiambiwa neno la silabi mbili alirudishe kwa kinyume, kisha la tatu, kisha la tano, atakuwa anashika sauti na kuifanyia kazi kwa wakati mmoja. Waliocheza mchezo huo utotoni watawapita wengine, kwa hiyo sharti waulizwe kwanza. Nimejaribu na wanafunzi wangu wachache, ana kwa ana, nisitoe hukumu yoyote. Wa kutoka bara walikwama kwenye silabi nne, na mmoja wa Pemba aliendelea mpaka mimi mwenyewe nikashindwa kumfuata.